Ndege ya Dar–Songwe ingepitia Nduli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodai Mbeya na Iringa tupewe ndege yetu wenyewe kwa sababu eti angani ni nusu saa tu.

Nusu saa hiyo ni ya kwenye ramani. Kutoka Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, hadi Nduli, uwanja wa Iringa, ni kama kilomita 306 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya mapangaboi aina ya Q400 hukimbia kilomita 650 hivi kwa saa, kwa hiyo ingezimaliza kwa dakika 28, kama isingekuwa na haja ya kupaa wala kutua. Weka 45 au 50. Caravan, ndege ndogo yenye mwendo wa karibu nusu ya huo, itapita saa nzima.

Halafu kuna ardhini, ambako ndiko muda unakoliwa. Songwe iko zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, na njia ya kwenda huko ni hiyohiyo TANZAM, barabara kuu ya Dar kwenda Zambia, inayogombewa na malori ya Tunduma, bajaji na daladala za Mbalizi. Ufike mapema, ukaguliwe, usubiri. Ukishatua Nduli, utafute gari la kukufikisha mjini. Kwa hesabu yangu saa nne zimekwisha, tena siku isiyo na ukungu. Basi, pamoja na mizani, tochi za trafiki na kusimama Makambako watu wale, hutumia saa sita hivi kwa kilomita zipatazo 330. Nalo linashusha na kupakia Chimala, Igawa, Makambako na Mafinga. Ndege ya Mbeya–Iringa peke yake sioni itajazwa na nani.

Hata hivyo wapo wenye haja ya kweli: mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye basi, mfanyabiashara, mtalii aliyemaliza hifadhi ya Ruaha upande wa Iringa anayetaka kuiona ile ya Kitulo upande wa Mbeya. Huyo akilazimika kuunganisha Dar es Salaam, ataruka kilomita 391 kwenda pwani na nyingine 692 kurudi Nyanda za Juu. Zaidi ya 1,080, kwa safari ya 306!

Sasa chukua rula uunganishe Dar na Songwe. Iringa inakaribia kuangukia mstarini. Dar–Nduli na Nduli–Songwe ukizijumlisha unapata 697. Moja kwa moja ni 692. Kilomita tano, Mhariri. Gharama ya kupitia Nduli haimo kwenye umbali, imo kwenye kushuka, ada ya kutua, na mafuta ya kupanda tena kutoka uwanja ulio zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huidai ndege mbio ndefu kabla ya kunyanyuka. Abiria wa Mbeya watachelewa kama dakika 40. Watanuna, na pengine nami nitanuna nikiwa na haraka. Lakini ndege hiyo moja itakuwa inauza tiketi za safari tatu: Dar–Iringa, Iringa–Mbeya na Dar–Mbeya.

Mashirika yajaribu Jumatatu na Ijumaa tu, kwa msimu mmoja. Na kwenye ratiba watuandikie muda kuanzia mlango unapofungwa hadi unapofunguliwa, wasituandikie ule wa rula.

Msomaji wako,
Mbalizi, Mbeya