Michango kwa wafugaji wa alpaka ifike kabla ya jalidi

Ndugu Mhariri,

Huku Ujerumani ninakoishi, ikifika Julai tunaanza kupokea picha za watoto wa Kiquechua wa milima ya Andes, kusini mwa Peru, mashavu yamepasuka kwa baridi. Sisi tuko kwenye kiangazi, wao wako katikati ya kipupwe. Picha huja na maombi ya mablanketi na makoti, na watu hutoa kwa moyo. Nami hutoa. Ombi langu ni kwamba sehemu kubwa ya sadaka hiyo iende kwenye mifugo yao, yaani alpaka, wanyama wa sufu wa jamii ya ngamia, tena iende mapema.

Wafugaji hawa wanaishi Puno, Cusco, Huancavelica na kwingineko, wengi wao zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Mahindi hayaoti huko, na mahali pengi hata viazi havikubali. Kinachoota ni nyasi ngumu iitwayo ichu, na majani mabichi ya maeneo oevu yanayonyweshwa na chemchemi na barafu ya milimani. Alpaka ndiye akiba ya nyumba: ndiye nyama, ndiye ada ya shule, na samadi yake ikikauka ndiyo kuni, maana miti ni adimu. Viazi na mahindi huvipata kwa wakulima wa mabondeni, kwa kubadilishana nyama na sufu. Kundi likifa, blanketi halimlishi mtu.

Na makundi hufa kweli. Kati ya Juni na Agosti baridi ya usiku hushuka hata nyuzi 15 chini ya sifuri, na kwingine zaidi. Theluji ikifunika malisho siku kadhaa, majike hudhoofika na kuharibu mimba, na ndama wao waliozaliwa kati ya Desemba na Machi hufa kwa nimonia. Mwaka 2016 serikali ya Peru ilitangaza hali ya dharura baada ya alpaka kuripotiwa kufa kwa makumi ya maelfu. Koti linalokusanywa Julai haliwezi kumwokoa hata mmoja wao.

Banda linaweza. Kuta za mawe au matofali ya udongo wafugaji huzijenga wenyewe kwa ayni, ule utaratibu wao wa leo kwangu, kesho kwako. Kinachowashinda ni fedha za mabati, misumari na usafiri wa kuvipandisha mlimani. Ongeza hapo majani makavu ya shayiri yaliyohifadhiwa baada ya mvua, dawa za minyoo, na vibwawa vya kuvunia maji ya mvua, hasa sasa ambapo barafu ya milima kama Ausangate inazidi kupungua. Hayo hayapendezi kwenye picha, najua, lakini ndiyo yanayobakiza kundi hai.

Kuna pia suala la bei, nalo linaniuma. Peru ina alpaka wengi kuliko nchi yoyote duniani, na sweta moja huku madukani huuzwa ghali sana. Mfugaji mdogo, kwa upande wake, mara nyingi humuuzia dalali sufu kwa uzito, laini na ngumu zikichanganywa kwa bei moja. Pale jamii inapokuwa na ghala lake na wanawake waliofunzwa kuchambua sufu kwa madaraja, ile laini hulipwa inavyostahili. Mafunzo hayo nayo ni sadaka.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu mnaokusanya michango makanisani, misikitini na vyamani: anzeni Januari. Mvua za kule huelekea kwisha Aprili, na ujenzi hufaa wakati huo, kabla jalidi halijaanguka. Kabla ya kutuma fedha, liulizeni shirika mambo haya: mkutano wa jamii yenyewe ndio uliochagua mradi huu? Na nani pale kijijini ataachiwa ujuzi wa kuwatibu wanyama wafadhili wakishaondoka?

Msomaji wenu,
Hamburg, Ujerumani