Risala ya Wafugaji wa Ngamia Waishio Nairobi kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Daktari, mgeni wetu wa heshima; wazee wetu; akina mama wa maziwa; vijana; mabibi na mabwana, hamjambo nyote.

Kwa niaba ya wanachama, karibu sana Eastleigh. Tunajua umetoka mbali na umepita katikati ya mji saa za msongamano, na tunakushukuru kwa kuja hata hivyo.

Sisi ni familia za Wasomali, Warendile, Wagabra, Waborana na Waturkana tuishio hapa Nairobi. Wengine wetu wana maduka, wengine ni walimu, wengine madereva. Mifugo yetu iko Isiolo, Marsabit, Garissa na Turkana, mikononi mwa ndugu zetu na wachungaji tunaowalipa. Maziwa yanayoshushwa kwenye mabasi ya Isiolo kila siku, yale ambayo akina mama waliokaa safu ya mbele wanayauza, ndiyo kamba inayotufunga na nyumbani. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, ng'ombe wengi walikufa na ngamia wakabaki wamesimama. Baada ya hapo kila mtu alitaka ngamia, nasi tukaanza kuulizana swali ambalo wazee wetu hawakuhitaji kuulizana kwa haraka namna hii: tunazalisha ngamia wa aina gani?

Mheshimiwa, tukueleze kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita wanachama wanne tulichanga tukanunua dume mmoja mnadani. Alipendeza: shingo nene, nundu iliyosimama wima, sauti ya kutikisa boma zima. Macho yetu yalitosheka, tukalipa. Alipanda majike wetu misimu miwili. Ndama wakazaliwa wa kawaida, lakini walipotimiza mwaka walikuwa nyuma ya wenzao wa boma la jirani. Tulipofuatilia alikokulia dume huyo, tukaambiwa kwamba utotoni alinyonya chuchu zote nne za mama yake, kwa sababu mwenye kundi alikuwa na maziwa mengi kutoka kwa majike wengine na hakuwa na haja ya kumkamua huyo. Ukubwa tulioununua ulikuwa wa maziwa. Wa damu hatukuwahi kuupima.

Wachungaji waliopo hapa wanalijua jambo hili kuliko sisi wa mjini. Jioni mchungaji anafunga chuchu mbili kwa kamba laini ya magome, anamwachia ndama mbili, na asubuhi anakamua zile alizozifunga. Nyumba yenye watoto wengi hufunga tatu. Kwa hiyo ndama wawili wa baba mmoja, waliozaliwa wiki moja, wanaweza kufikisha mwaka, mmoja akiwa mrefu na mwenzake amedumaa, na jeni zao, yaani vinasaba walivyorithi kwa wazazi, zisiwe na lawama yoyote. Tofauti ya ukuaji kati ya ndama na ndama ina sehemu iliyotoka kwa wazazi na sehemu iliyotoka kwa malisho, maziwa, kupe, minyoo na umbali wa kisima. Sehemu ile ya kwanza pekee ndiyo inayopita kwa kizazi kijacho. Mfugaji anayechagua bila kuzitenganisha anajikuta anachagua ukarimu wa mkamuaji.

Baadhi ya vijana wetu waliosoma sayansi walitupa matumaini kwamba kipimo cha vinasaba kingemaliza kazi. Walitueleza habari za ng'ombe wa Belgian Blue, ambao mwaka 1997 ilibainika kwamba kukosekana kwa herufi 11 tu za maandishi ya kinasaba katika jeni la myostatini, breki ya ukuaji wa misuli, ndiko kunakowapa misuli maradufu. Tukadhani ngamia naye ana swichi yake moja. Jenomu, yaani ramani nzima ya vinasaba, ya ngamia wa nundu mbili ilichapishwa 2012 na ya ngamia wetu wa nundu moja 2014, kwa hiyo ramani ipo na kromosomu zake 74 zinajulikana. Lakini jeni hilohilo la myostatini lilipochunguzwa kwa ngamia wa nundu moja, tofauti zilizoonekana kati ya mnyama na mnyama zilikuwa chache mno. Ukuaji wa ngamia umegawanyika kwenye jeni nyingi, ikiwemo ile ya homoni ya ukuaji, na kila moja inasukuma kidogo tu. Ukitaka kuijua jumla ya msukumo huo, lazima umpime mnyama mwenyewe, uwapime ndugu zake, na zaidi ya yote uwapime watoto wake.

Na hapo ndipo ngamia anapotaka subira. Jike hubeba mimba miezi kama 13, na kwenye malisho yetu huzaa mara moja kwa karibu miaka miwili. Dume huanza kazi akiwa na miaka kama mitano. Akipanda leo, ndama wake wa kwanza atazaliwa mwaka ujao, na mwaka mwingine utapita kabla hujajua anavyokua. Dume atakuwa na miaka saba hivi siku utakaposema kwa hakika kwamba ni mzazi mzuri. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huruka vikwazo vingi kwa uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu bila dume kuwepo, lakini mbegu ya ngamia ni nzito kama ute na ni ngumu kuihifadhi, na jike hapevushi yai mpaka apandwe. Uzuri ni kwamba ngamia huishi miaka 25 na zaidi, kwa hiyo dume aliyethibitishwa bado ana miaka mingi ya kazi mbele yake, mradi asiwe ameshauzwa au kuchinjwa. Sisi tumewauza wengi kabla ya majibu kufika.

Wazee wetu waliweka kumbukumbu, tena nzuri. Mzee wa Kirendile au wa Kisomali atakutajia ukoo wa ngamia kwa upande wa mama, vizazi vitano nyuma, bila karatasi. Upande wa baba ndio wenye giza, maana makundi hukutana visimani, na dume wa jirani haombi ruhusa. Na dume huyo, baarqab kwa Kisomali, katika msimu mmoja anaweza kuacha damu yake kwa majike kadhaa wa kadhaa, ilhali jike mmoja ataacha ndama wachache tu maishani. Giza limekaa mahali penye uzito mkubwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwetu iliyopotea ni habari ya baba.

Ndiyo maana mwaka huu tulianza daftari. Ndama anapozaliwa, mchungaji anatuma sauti kwa WhatsApp, na hapa Eastleigh tunaandika: mama yake, baba anayedhaniwa, tarehe, mvua ilikuwaje, na chuchu ngapi ameachiwa. Safu hiyo ya chuchu tunaiheshimu kuliko zote. Ndama mchanga, ambaye kwa kawaida ana kilo kati ya 25 na 40, huwekwa kwenye turubai na kuning'inizwa kwenye mizani ya duka. Mkubwa haning'iniziki, kwa hiyo tunampima kwa mkanda: urefu wa bega, mzunguko wa kifua na mzunguko wa tumbo juu ya nundu, vyote kwa mita, unazidisha pamoja kisha mara 53, unapata kilo kwa makadirio. Mkanda wa fundi cherehani huishia mita 1.5 na kifua cha ngamia mzima hupita hapo, kwa hiyo mama mmoja wa kikundi aliunga mikanda miwili kwa uzi mwekundu. Ndio ule uliotundikwa pale mlangoni.

Mheshimiwa, hatutaki ukubwa kwa pupa. Ngamia wa Kisomali ni mkubwa na ana maziwa. Wa Turkana ni mdogo, lakini huishi mahali ambapo mkubwa angeona taabu kushiba. Utafiti uliochapishwa 2003 uliwagawa ngamia wa Kenya mafungu mawili kwa vinasaba: wa Kisomali peke yao, na wa Gabra, Rendille na Turkana pamoja. Mwingine wa 2016, uliopima ngamia zaidi ya 1,000 wa nchi nyingi, ulionyesha kwamba misafara ya biashara ilichanganya damu ya ngamia karibu kote duniani, isipokuwa wa Afrika Mashariki waliobaki na damu yao. Tunapoona watu wakikimbilia madume wa kigeni kwa sababu ndama wao hukua haraka kwenye ranchi, tunaingiwa na hofu ya kweli. Wanyama waliovuka ukame ule hawakuvuka kwa kilo.

Maombi yetu ni haya. Tunaomba mizani ya mifugo inayobebeka, moja Isiolo na moja Marsabit, pamoja na hereni za namba. Tunaomba utuunganishe na maabara za Kabete ili nywele au damu za ndama zipimwe tuwajue baba zao. Hata ndama wachache kwa mwaka wangetufaa. Tunaomba pia mtaalamu atusaidie kupanga mzunguko wa madume kati ya maboma, ili dume asije akapanda binti zake, kama ilivyokwisha kutokea kwetu mara mbili ambazo tunazijua.

Nakala ya daftari letu iko mezani kwako. Kurasa nyingi bado ni tupu, na safu ya baba ina alama za kuuliza nyingi kuliko majina. Tunaomba uichukue, uisome kwa jicho la daktari, na utuambie ni safu gani tumeisahau kabla ndama wa mvua za vuli hawajaanza kuzaliwa.

Tunakushukuru sana.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama.