Tundu likikaa kando, usianze kuilaumu mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na mafundi wenzangu wa mashine za milingi, zile zinazochonga chuma kwa kisu kinachozunguka, hasa wa karakana za Gerezani na Vingunguti. Tundu likikaa kando, lawama zote ni za mashine: imechoka, ni ya mtumba. Mara nyingi kosa limeshafanyika kabla kisu hakijagusa chuma, wakati wa kutafuta ukingo wa chuma, unakoanzia vipimo, kwa kifaa kiitwacho eji fainda.

Kifaa chenyewe ni vipande viwili vya mviringo vilivyoshikwa pamoja na springi ya ndani. Kifunge kwenye koleti, kishikio cha kisu, sukuma ncha pembeni kidogo kwa kidole, ndipo uwashe spindo, yaani mhimili unaozungusha kisu, kwa mizunguko 800 hadi 1,000 kwa dakika. Ukizidisha mno ncha hurushwa nje, springi inavutika, na hapo kifaa kimekwisha.

Sasa sogeza meza taratibu. Ncha itagusa kazi, yaani kipande cha chuma unachokichonga, kuyumba kutapungua, hadi itatulia tuli, utadhani haizunguki. Wengi husimama hapo. Bado. Ongeza milimita (mili) 0.01 au 0.02, kidogo kidogo, na ghafla ncha itachepuka pembeni. Inapochepuka ndipo kitovu cha spindo kiko nusu ya kipenyo cha ncha kutoka ukingoni. Rudia mara tatu. Vipimo vikipishana zaidi ya mili 0.02, angalia ukingo wa kazi kama umepigwa tupa, maana kijiwembe kilichobaki baada ya kukata hugusa ncha kabla ya ukingo wenyewe. Angalia pia uchafu kati ya vile vipande viwili.

Hesabu ya nusu ndiyo inayoangusha watu. Ncha ya mili 10, nusu ni 5, hakuna shida. Lakini ziko za inchi 0.200, yaani mili 5.08, na nusu yake ni 2.54. Anayeweka 2.5 amepoteza mili 0.04. Kwa tundu la bolti si kitu. Kwa tundu la pini linalopaswa kulingana na sahani iliyochongwa kwingine, pini haiingii. Pima ncha kwa maikromita, usitegemee maneno ya muuzaji.

Halafu kuna mchezo wa skrubu ya meza, ule ulegevu unaofanya mkono uzunguke kidogo kabla meza haijasogea. Ncha ikishachepuka, inua spindo, endelea kuzungusha mkono wa meza upande uleule hadi umalize ile nusu, ndipo uweke sifuri. Ukipitiliza, usirudi nyuma kidogo tu na kuridhika: rudi angalau nusu mzunguko, kisha uje upya kutoka upande wa kwanza. Skrubu yenye mchezo wa mili 0.2 itakupa kosa la mili 0.2, hata kama eji fainda ni mpya.

Kutafuta katikati kwa kugusa kingo mbili ni mtego zaidi. Kipenyo cha ncha hujifuta chenyewe kwenye hesabu, kwa hiyo fundi huona ni njia salama. Kumbe ukingo wa pili unaguswa kwa kuja kutoka upande wa pili, na mchezo wote, ile mili 0.2, unaingia. Ukigawa kwa mbili, katikati yako imehama mili 0.1. Mwenye mashine iliyofungwa skrini ya vipimo kwenye meza haimhusu. Asiyenayo aguse ukingo mmoja tu, apime upana wa kazi kwa maikromita, agawe mwenyewe.

Jambo dogo la kwetu pwani: hewa ya chumvi hula nyuso za vipande hivyo haraka. Ukimaliza, vitenganishe kidogo, futa kwa kitambaa safi, weka tone moja la mafuta mepesi. Grisi hapana, inanata na ncha inachelewa kuchepuka.

Fundi wa milingi,
Gerezani, Dar es Salaam