Barua kwa Mwanaidi: nyie mmegawanywa, sisi tumefutwa

Toronto, Juni 2025

Shosti Mwanaidi, mambo?

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ile sehemu unayosema umelala jimbo la Mbagala umeamka jimbo la Chamazi na nyumba haijasogea hata tofali moja, nilicheka peke yangu kwenye basi watu wakanigeukia. Nilitaka nikujibu kwa voisi lakini hii stori ndefu, bora niandike. Umeniuliza huku Kanada majimbo wanagawaje, hujui tu kwamba umegusa penyewe. Nyie Tume ya Uchaguzi imewagawa mkaongezewa mbunge, sisi la kwetu limefutwa kabisa.

Sikia. Tarehe 27 Februari mwaka huu tulipiga kura ya bunge la mkoa wa Ontario, mimi nikapigia jimbo la Don Valley East. Tarehe 28 Aprili tukapiga kura ya bunge la taifa, lile la Ottawa, kadi ikaja kwa posta imeandikwa Scarborough Centre—Don Valley East. Ghorofa ileile, mlango uleule, miezi miwili tu katikati. Mama wa Kifilipino jirani yangu akagonga akiwa na kadi mkononi, eti wamekosea, maana yeye miaka yote anajua Scarborough, upande wa mashariki wa jiji, inaanzia ng'ambo ya barabara ya Victoria Park, huku kwetu ni North York. Nikamwambia dada hawajakosea, ramani mpya hiyo. Bunge la mkoa bado linatumia mipaka ya zamani, la taifa limeshahamia kwenye mipya, kwa hiyo saa hizi mtu mmoja unakaa kwenye majimbo mawili yasiyofanana. Akasonya akarudi kwake.

Basi na mimi nikaanza kufuatilia, si unanijua nikishikwa na kitu. Hilo jimbo letu lililofutwa, Don Valley East la bunge la taifa, kumbe lilichorwa 1976 na uchaguzi wake wa kwanza ukawa 1979. Wakati huo huku kulikuwa nje ya mji tu, mitaa mipya. Miaka ya 50 kulikuwa na tajiri mmoja anaitwa E.P. Taylor, alinunua mashamba akajenga Don Mills, mji mdogo uliopangwa kila kitu tangu mwanzo, nyumba huku, viwanda kule, shule katikati, maduka pale. Baadaye kidogo ndo ikaja Flemingdon Park, maghorofa marefu ya kupangisha, yale ambayo mgeni akitua tu Toronto anaambiwa nenda kule nyumba zinapatikana. Kwa hiyo jimbo lilikuwa na sura mbili tangu zamani, mwenye nyumba na bustani yake upande mmoja na mpangaji wa ghorofa ya 18 yenye lifti mbovu upande mwingine, katikati mto Don na ile barabara kubwa ya DVP ambayo ikifika saa kumi na moja jioni unaweza kushuka ukatembea ukafika kabla ya gari.

Wabunge wake sasa, hapo nimecheka sana. Wa kwanza Sam Wakim, alikuwa rafiki wa chuo wa Brian Mulroney aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, akaingia 1979, serikali ya chama chake ikaangushwa bungeni Desemba ileile kwa ajili ya bajeti, Februari 1980 uchaguzi tena na yeye akatoka. Hata kiti hakijapata joto. Akaja David Smith wa chama cha Liberal, 1984 akaja Bill Attewell wa Conservative, halafu 1988 Alan Redway, huyu aliwahi kuwa meya wa East York na akapewa uwaziri mdogo wa nyumba. Unajua alijiuzulu kwa nini 1991? Utani wa bastola! Yuko uwanja wa ndege Ottawa akatania habari ya bunduki, uwaziri ukaenda. Kwetu mtu anakwapua mabilioni na kesho yake anakata utepe.

Halafu David Collenette, 1993 hadi 2004. Huyu nilikuwa nimeshamsikia bila kujua ni mbunge wa huku. Ndo alikuwa Waziri wa Uchukuzi tarehe 11 Septemba 2001, Marekani ilipofunga anga yake ndege zilikuwa katikati ya bahari haziwezi kurudi zilikotoka, yeye ndo akaruhusu zishuke Kanada, zaidi ya ndege 200, na 38 kati ya hizo zikatua Gander, kamji kadogo kabisa kisiwani Newfoundland, wenyeji wakawa wanapika na kulaza wageni kwenye mashule. Na kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Ulinzi, ndiye aliyevunja kile kikosi cha wanajeshi wa miavuli 1995 baada ya wanajeshi wake kumtesa kijana wa Kisomali mpaka akafa kule Somalia 1993. Kwa hiyo unaona, kijimbo cha maghorofa lakini mambo yake yanafika mpaka Afrika Mashariki.

Na hapo ndo nataka nikae kidogo maana ndo panaponigusa mimi.

Ukifika huku utashangaa wazee wa Kihindi wanavyoongea Kiswahili. Mwanzoni kabisa nimesimama kwenye foleni dukani naongea na mama kwa simu, nyuma yangu bibi mmoja na mtandio wake anasubiri nimalize, nilipokata tu akaniambia "Wewe wa Dar? Mimi Upanga mwanangu, pale karibu na Jamatkhana." Kiswahili cha Dar ya zamani, hakina hata chembe ya slengi. Akaniuliza bei ya nazi sasa hivi ni shilingi ngapi, nilipomtajia akashika kichwa.

Hawa wazee wengi ni Waismailia, Waislamu wafuasi wa Aga Khan, Jamatkhana ndo nyumba yao ya ibada, na walikuja kwa mafungu mawili hivi. Kwetu kuna ile sheria ya 1971 ya kutwaa majengo, mwenye jengo la kupangisha la thamani ya zaidi ya shilingi laki moja serikali ikalichukua, na familia nyingi za Kihindi zilikuwa zimeweka akiba yao yote kwenye majengo, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Na Uganda Idi Amin Agosti 1972 akawapa Waasia siku 90 wawe wameshatoka, Kanada ikachukua maelfu. Wengine walienda Vancouver, wengine Montreal, wengine ndo hawa wa Don Mills, Flemingdon Park na Thorncliffe hapo jirani. Walikuja na mihogo ya kukaanga wanaita mogo, kuku paka, mishkaki, mandazi. Ukipelekwa kwenye harusi yao unaweza kudhani uko Kisutu, ila nje kuna theluji.

Sasa sikia hii, utaipenda. Bata unaijua, viatu vyetu vyote vya shule. Makao makuu ya Bata ya dunia nzima yalikuwa huku huku, mtaa wa Wynford Drive, jengo jeupe juu ya kilima lililojengwa miaka ya 60. Mwenyewe Thomas Bata alikimbia kwao Czechoslovakia 1939 akaja Kanada. Jengo likabomolewa 2007, wapenda majengo ya zamani wakalia sana, na hapo hapo pakajengwa Makumbusho ya Aga Khan na Kituo cha Waismailia, vikafunguliwa Septemba 2014. Mimi hupenda kwenda pale nje tu kwenye bustani, kuna mabwawa ya maji meusi meusi yametulia, jengo lote jeupe, kile kituo kina kuba la kioo usiku linawaka utafikiri taa ya chemli. Kutoka kiwanda cha Bata Limuru mpaka Jamatkhana ya Upanga vyote vimekutania kwenye kilima kimoja Toronto, na hakuna aliyepanga.

Kwa hiyo usishangae 2004 jimbo likamchagua Yasmin Ratansi, mzaliwa wa Tanzania, mhasibu, akawa mwanamke wa kwanza Mwislamu kuchaguliwa kuingia bunge la Kanada. Sio diwani, bunge la taifa! Mimi nimeijua hiyo baada ya kufika huku, shuleni kwetu sikuwahi kuisikia na sijui kwa nini. 2011 akashindwa kwa kura zisizofika hata elfu moja na Joe Daniel wa Conservative. Kufika 2015 mipaka ikawa imechezewa, sehemu ya kaskazini imekatwa ikaunganishwa na kipande cha Willowdale ikawa Don Valley North, Daniel akahamia huko akashindwa, Ratansi akarudi kwenye kiti chake. Mwisho wake haukuwa mzuri, Novemba 2020 ikatoka habari kwamba amemwajiri dada yake kwenye ofisi ya jimbo kwa hela ya bunge, akaomba radhi, akatoka kwenye kundi la wabunge wa Liberal akamalizia kama mbunge huru. Ndugu kumwajiri ndugu, hapo hapakuhitaji mkalimani kwa sisi tuliotoka nyumbani. 2021 akaingia Michael Coteau, amekulia humuhumu Flemingdon Park.

Sasa kufutwa kwenyewe. Huku kila baada ya miaka kumi wakishafanya sensa, kila mkoa unaundiwa tume ya watu watatu, mwenyekiti ni jaji anayeteuliwa na Jaji Mkuu wa mkoa na wengine wawili wanateuliwa na Spika. Wanachukua idadi ya watu wanagawanya kwa idadi ya viti. Ontario sensa ya 2021 ilikuta watu 14,223,942, viti 122, kwa hiyo kila jimbo liwe na kama watu 116,590, wanaruhusiwa kuzidisha au kupunguza mpaka asilimia 25. Bunge zima limetoka viti 338 likawa 343 na Ontario imeongezewa kimoja, ungedhani na sisi tutapata. Wapi! Toronto inakua ila miji ya pembeni inakua mbio zaidi, kwa hiyo jiji likashuka kutoka 25 hadi 24, na kule kaskazini mwa mkoa wakatoka 10 hadi 9.

Na mahesabu yenyewe usifikiri ni sawa kwa wote. Kuna mkoa wa kisiwa unaitwa Prince Edward Island, kwa sensa hiyohiyo ya 2021 watu laki moja na nusu hivi, wana wabunge wanne. Yaani mbunge mmoja hana hata watu elfu arobaini! Ni kifungu cha katiba cha 1915 kinasema mkoa hauwezi kuwa na wabunge wachache kuliko maseneta wake, wale wa baraza la juu, na wao maseneta wanne. Kwa hiyo kura ya mvuvi wa kule ina uzito kama wa watu watatu wa ghorofa letu. Nikimwambia mtu hapa ananiambia ndo katiba.

Lakini kinachoniuma sio hicho. Mapendekezo ya kwanza, Agosti 2022, waliotakiwa kupoteza kiti walikuwa Scarborough. Scarborough wakaja juu, wabunge wao na watu wao wakaenda kwenye vikao vya maoni wakasema jamani huku tumeshaonewa vya kutosha. Tume ikasikiliza, safi, ndo kazi yake. Ripoti ilipotoka 2023, kiti cha Scarborough kimepona na kinachofutwa ni Don Valley East. Na kwa utaratibu wa sheria baada ya ripoti hakuna tena vikao vya wananchi, wenye nafasi ya kupinga ni wabunge tu, kupitia kamati ya bunge, na hata hapo mwenye neno la mwisho ni tume. Kwa hiyo wakati wa kusema, sisi hatukuwa na cha kusema maana jimbo letu lilikuwa halijaguswa, na lilipoguswa muda wa kusema ulikuwa umekwisha. Hebu niambie hapo mtu wa kawaida angefanyaje? Anayefanya shifti mbili, moja ya kusafisha maofisi usiku, angejuaje?

Sisemi wameiba, hapana. Hakuna rais aliyechora, hakuna chama kilichochora, na mimi hilo naliheshimu kuliko unavyofikiri. Ila hesabu ni hesabu tu, haijui kwamba bibi wa Upanga na mama wa Kifilipino na vijana wa Kiafghani wa ghorofa ya tatu walikuwa wameshajua ofisi ya mbunge iko wapi na akienda na barua yake ya uhamiaji ataonana na nani. Mwaka jana Juni serikali ya mkoa ilifunga ghafla na ile Science Centre, makumbusho ya sayansi ya tangu 1969, eti paa bovu, watoto wa maghorofani walikuwa wanaenda kwa miguu. Na treni ya Eglinton inayopita hapo ilianza kujengwa 2011 na mpaka katikati ya 2025 ilikuwa haijabeba abiria, ni kama ulivyokuwa mwendokasi wenu wa Mbagala, barabara ilikwisha mabasi hamna. Ukiona mahali panaondokewa na hivi vyote kwa mkupuo unaanza kuuliza nani anatusemea.

Coteau amehamia Scarborough—Woburn ameshinda huko. Sisi sasa mbunge wetu Salma Zahid, alikuwa wa Scarborough Centre tangu 2015, nimemwona kwa picha tu kwenye vipeperushi. Nilimpigia kura? Hiyo siri yangu, karatasi na penseli. Watu wa upande wa pili wa DVP wengine wameingizwa Don Valley West kwa mabwana wa Leaside wenye majumba yao, hao ndo nitapenda kuona watasikilizwa vipi.

Haya nimeandika mpaka chai imepoa. Mpe pole shemeji kwa mguu, mwambie aache kupanda bodaboda za usiku. Na yule binti yako akimaliza kidato cha nne anitumie matokeo mwenyewe, nisiyasikie kwa watu. Mama mdogo anasafiri Agosti kuja huku, mpelekee dagaa wa Kigoma na pilipili ya kusaga ila uzifunge vizuri, mwaka juzi nguo zote kwenye begi zilinuka dagaa mpaka afisa wa uwanja wa ndege akaziba pua.

Nakumiss mno,
Zainabu