Asante sana mama muuza asumini wa Mylapore

Jamani huyu mama sijui hata jina lake ila acha niseme hapa. Nilikuwa Chennai, India, nimempeleka mzee matibabu, siku moja kalala nikasema niende mtaa wa Mylapore, kwenye hekalu la Thiruvalluvar, yule mshairi wa Kitamil aliyeandika beti 1330 za Tirukkural, huko wanamheshimu kama mtakatifu. Dereva wa bajaji kaniacha Kapaleeshwarar, hekalu kubwa la mtaa huohuo lakini siyo nilikokuwa naenda kabisa, akala kona. Simu imezima, Kitamil sijui, jua kali balaa.

Nikamwonyesha mama mmoja kikaratasi chenye jina la hekalu. Hakuninyooshea kidole tu basi, kapu lake la maua akamwachia jirani, akanipeleka kwa miguu mpaka mlangoni, akanionyesha pa kuacha viatu, akanielekeza na kwenye sehemu ya ibada ya Vasuki, mke wa Thiruvalluvar, halafu ule mti wa iluppai ambao wanaamini mshairi alizaliwa chini yake (padogo pale, ukiwa na haraka unapapita). Nikajua kaondoka, kumbe kakaa nje ananisubiri! Akaita bajaji, akabishana na dereva bei mpaka ikashuka, akamwelekeza hotelini kwetu. Nikampa hela akakataa, kanipa mkufu wa asumini nimpelekee mgonjwa.

Na nyie mkimwona mgeni anazubaa Kariakoo na kikaratasi mkononi, mfikisheni basi, msimnyooshee kidole tu. Mzee alilala na yale maua pembeni ya mto, chumba kizima kikanukia hadi asubuhi.