Tangazo la unga litutajie kipimo

Mhariri,

Nauza nafaka hapa soko la Majengo, Dodoma. Naomba nafasi niseme na hawa wanaotengeneza matangazo ya unga.

Kuna moja redioni linaanza na "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, halafu kinachofuata ni Kiswahili cha Dar es Salaam mwanzo mwisho. Eti ni mkulima wa mahindi kutoka Bahi (Bahi hiyohiyo tunayoijua kwa mpunga), anatuhakikishia unga ni salama asilimia mia. Wateja wangu wanacheka tu.

Mwaka 2016 wasingecheka. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, ilipoua watu Dodoma na Manyara, tena kwa mahindi waliyoyalima wenyewe, sokoni watu walibadilika. Mtu aliyezoea kusema "nipimie madebe mawili" akawa anachoma bambo, kile chuma cha kuchotea punje, kwenye gunia kwa mkono wake, anamwaga punje kiganjani, ananusa, anavunja moja kwa meno, kisha anakukazia macho: "Haya umeyatoa wapi?" Bango la mama anayetabasamu na kiroba cheupe halikumwambia kitu. Jirani yangu mmoja yeye alikuwa anajibu wazi: "Ya Kiteto. Yalinyeshewa kabla hayajaanikwa, nimeyachambua, ila maabara sijapeleka." Ungedhani watamkimbia. Walinunua kwake.

Mwenye hofu hataki kupambiwa maneno, anatafuta asiyemficha. Wenye matangazo wameshalinusa hilo, ndiyo maana siku hizi wanatuletea "wakulima". Ila hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Sumukuvu haionekani kwa macho, na ugali hata uupike mpaka ukoko uungue, yenyewe ipo palepale. Kuchambua kunapunguza, hakumalizi. Jirani yangu alikuwa mkweli kabisa, na mahindi yake bado yangeweza kuua mtu. Sasa kama ukweli wa kweli hautoshi, huu wa kuigiza utatufikisha wapi?

Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu hiyohiyo, sikusikia mtu akipeleka tangazo mpakani. Walipolegeza, walitaka mzigo uje na cheti kuonyesha sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Wafanyabiashara wakubwa walilalamika, mimi niliona Wakenya wametuuliza swali ambalo wateja wa Majengo walikuwa wanauliza kwa meno.

Alama ya TBS, Shirika la Viwango, naiheshimu, na kiroba kisicho nayo sikipokei. Ninachoomba ni zile sekunde 30 za redio zitumike kusema mahindi yametoka wapi, yalipimwa lini, na yalisoma ngapi. Msiogope namba. Mama anayechukua kilo mbili za dona kwa ajili ya uji wa mtoto anajua 4 iko chini ya 10. Na kama mzigo haujapimwa, semeni haujapimwa, niamue mwenyewe kama nauingiza dukani.

Mwuza nafaka,
Majengo, Dodoma