Nakala zitawanywe, lakini msemaji ajulikane

Mhariri,

Kijana wa Malindi aliyeandika katika ukurasa huu, akitaka Waswahili tujijengee kamusi elezo ya mtandaoni ambayo hapana serikali wala tajiri atakayeweza kuifuta, amenifurahisha kisha akanitia wasiwasi.

Hofu yake si ya kubuni. Uturuki iliifunga Wikipedia tangu Aprili 2017 hadi Januari 2020, na China imeifunga kwa lugha zote tangu 2019. Uturuki ilipofunga, mafundi wa kompyuta walichukua nakala ya kurasa za Kituruki wakaziweka kwenye IPFS, mtandao usio na ghala la bwana mmoja. Humo anwani ya ukurasa hupatikana kwa hesabu kutokana na maneno yake yenyewe; ukigeuza herufi moja tu, anwani nayo inageuka. Basi yeyote mwenye nakala aweza kukupa, nawe ukahakikisha haikuchezewa.

Watu wa Lamu hatuna haja ya kufafanuliwa sana hapo. Misahafu ya Siyu na tenzi za Pate zilinakiliwa kwa mkono zikakaa majumbani. Mchwa wakila ya nyumba hii, iko ya nyumba ile. Lakini nakala haijitunzi. Hati za Msikiti wa Riyadha ziliwahi kupigwa picha chini ya mradi wa British Library kwa sababu kulikuwa na watu waliozihifadhi miaka yote hiyo. IPFS nayo ndivyo ilivyo: ukurasa ambao hakuna anayeuweka kwenye mashine yake hupotea, pasi na serikali yoyote kuugusa. Kijana hakutuambia ni nani atakayeweka, wala umeme atalipa nani.

Wasiwasi wangu ni hilo la "hauwezi kufutwa". Nimefundisha historia hadi nikastaafu, na huku kwetu suala la nani alitangulia kukaa wapi ni kesi ya shamba. Mtu akiandika usiku, bila jina, kwamba ukoo fulani ni wa kuja tu, na ukurasa ule ukawa wa milele, siku moja utachapishwa na kupelekwa kwenye baraza la ardhi kama ushahidi. Serikali naiogopa, ndiyo. Na jirani pia.

Wako waliojaribu kulitatua hilo kwa kura. Everipedia, kamusi elezo nyingine ya mtandaoni, ilihamia kwenye mfumo wa bloku-cheni, yaani daftari la kidijitali ambalo nakala zake hukaa kwenye kompyuta nyingi, na Larry Sanger, aliyeanzisha Wikipedia pamoja na Jimmy Wales mwaka 2001, akajiunga nayo Desemba 2017. Huko uamuzi juu ya makala ulifungamanishwa na sarafu za kidijitali. Yaani mwenye sarafu nyingi ndiye ajuaye zaidi? Hata madiwani wetu hawajathubutu kulisema hilo hadharani.

Mimi napendekeza isnadi, yaani mnyororo wa majina ya waliopokezana habari. Wikipedia hudai chanzo kilichochapishwa, na fundi wa Matondoni, kijiji chetu cha waunda majahazi, anayejua jinsi ya kukalafati jahazi hajachapisha kitu maishani mwake. Aandikwe yeye: nani amesema, alifunzwa na nani, nani aliyemsikia. Anayepinga aandike chini yake, naye kwa jina lake. Maneno ya wote wawili yabaki, na nakala zikae Lamu, Faza, Kizingitini na huko Malindi kwa kijana wetu.

Najua nitaulizwa juu ya mwenye kuhofia maisha yake. Katika mvutano wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, huku Lamu, ambao leseni yake ilifutwa na mahakama ya mazingira Juni 2019, si kila mtu alikuwa radhi jina lake litajwe. Huyo jina lake lifichwe, lakini watu watatu wanaoaminika mtaani wamjue na wamdhamini. Hakuna programu itakayofanya kazi hiyo badala yao.

Kwa sasa, kabla ya bloku-cheni, ipo programu ya Kiwix. Inakuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti, na ya Kiswahili yote huingia katika kadi ndogo ya simu. Mashua ya Faza inaweza kuibeba. Tuanzie hapo, na kurasa za Matondoni tuziandike kando huku mafundi bado wapo. Kijana akivuka kuja Lamu, aulize mwalimu wa historia karibu na ngome. Simu ya kurekodia aje nayo, yangu haina nafasi.

Mwalimu mstaafu,
Mkomani, Lamu